Jiografia ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kongo ina ukubwa gani?

Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 2,345,000. Barani Afrika inatanguliwa na Algeria peke yake, na imeshika nafasi hiyo ya pili tangu Sudan ilipogawanyika mwaka 2011. Ukichukua Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ukaziweka zote tano ndani ya mipaka ya Kongo, bado utabaki na nafasi ya kuiingiza Zimbabwe nzima.

Hata hivyo, kilomita za mraba hazimwelezi msomaji jambo lililo muhimu zaidi, nalo ni jinsi sehemu za nchi hii zilivyo mbali na makao yake makuu. Kutoka Goma hadi Kinshasa kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1,570 hivi, ilhali kutoka Goma hadi Nairobi hazizidi 850 kwa mengi. Lubumbashi nayo iko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko ilivyo na Kinshasa. Serikali imekaa magharibi, upande wa Bahari ya Atlantiki, na nusu nzima ya nchi imeelekeza uso wake kwenye Bahari ya Hindi. Mengi yatakayoelezwa hapa chini, kuanzia lugha hadi bandari, yanatokana na hali hiyo.

Je, Kongo ziko mbili?

Ndiyo. Ukurasa huu unahusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo mji mkuu wake ni Kinshasa. Jirani yake wa magharibi, Jamhuri ya Kongo, ilitawaliwa na Ufaransa, mji wake mkuu ni Brazzaville, na eneo lake ni kilomita za mraba 342,000, yaani hata sehemu moja ya sita ya mwenzake haifiki. Watu huzitofautisha kwa kutaja miji mikuu: Kongo-Kinshasa na Kongo-Brazzaville.

Majina ya nchi yenyewe yamebadilika mara kadhaa. Kuanzia mwaka 1885 iliitwa Dola Huru ya Kongo, jina lisilolingana hata kidogo na hali halisi, kwa kuwa ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na watu wake walilazimishwa kuvuna mpira kwa mateso makubwa. Mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji iliichukua ikawa Kongo ya Kibelgiji, hadi uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliiita Zaire, na jina la sasa, ambalo lilikwisha kutumika kabla ya hapo, lilirudishwa Mei 1997 baada ya Mobutu kuangushwa na Laurent-Désiré Kabila.

Inapakana na nchi zipi?

Inapakana na nchi tisa. Kaskazini ziko Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Mashariki ziko Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Kusini iko Zambia. Kusini na kusini-magharibi iko Angola, na magharibi iko Jamhuri ya Kongo. Kipande cha Angola kiitwacho Cabinda kimetengwa na Angola yenyewe na ardhi ya Kongo inayotokeza baharini.

Mpaka na Tanzania una jambo la pekee: wote umo majini, katikati ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo hakuna barabara inayovuka moja kwa moja kati ya nchi hizo mbili. Mizigo ya Kigoma huvuka kwa meli na boti kwenda Kalemie na Uvira, na malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Katanga, eneo la migodi la kusini-mashariki, hayana budi kupitia Tunduma, yakate Zambia, kisha yaingie Kongo kwa Kasumbalesa.

Je, Kongo ina bahari?

Inayo, ila ni ndogo kupita kiasi kwa nchi kama hii. Pwani yake yote haizidi kilomita 40, pale mto unapoingia Atlantiki karibu na Banana na Muanda. Bandari kuu ya miaka mingi, Matadi, haiko baharini. Iko mtoni, kilomita 150 hivi kutoka pwani, na meli kubwa za kisasa hazifiki kwa sababu kina cha maji hakitoshi. Ndiyo maana ujenzi wa bandari ya kina kirefu huko Banana umepewa uzito mkubwa.

Kwa mashariki, bandari ya kutegemewa iko nje ya nchi. Bidhaa za Bunia na Butembo hupitia Mombasa, na shaba ya Katanga husafirishwa kupitia Dar es Salaam, Durban au Lobito nchini Angola.

Mto Kongo una sifa gani hasa?

Una urefu wa kilomita 4,700 hivi, wa pili Afrika baada ya Nile, lakini kwa wingi wa maji Nile haiusogelei. Mdomoni unamwaga wastani wa mita za ujazo 41,000 kila sekunde. Duniani ni Amazon pekee inayouzidi. Pia ndio mto wenye kina kirefu kuliko yote iliyokwisha kupimwa: katika sehemu zake za chini kina kimezidi mita 220.

Chimbuko lake la mbali kabisa ni mto Chambeshi wa Zambia. Ukiwa ndani ya Kongo huitwa kwanza Lualaba, nao huelekea kaskazini kiasi kwamba wasafiri wa karne ya 19, akiwemo David Livingstone, walidhani huenda ukawa ndio Nile. Baada ya kuvuka mstari wa ikweta unapinda kuelekea magharibi, kisha kusini-magharibi, na kuuvuka mstari huo kwa mara ya pili. Hakuna mto mwingine mkubwa duniani unaofanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba vijito vyake viko pande zote mbili za ikweta: Ubangi na Aruwimi huleta maji kutoka kaskazini, Kasai na Lomami kutoka kusini. Mvua zinapopungua upande mmoja huwa zimeshika upande wa pili, na kwa hiyo mto hauna msimu wa kukauka.

Kati ya Kisangani na Kinshasa, umbali wa kilomita 1,700 hivi kwa maji, hakuna maporomoko, na hiyo ndiyo barabara kuu halisi ya nchi. Meli moja husukuma matishari kadhaa yaliyofungwa pamoja, na juu yake hujaa magunia ya mahindi na mkaa, mbuzi, samaki wa kukaushwa, majiko yanayowaka na familia zilizotandika mikeka chini ya maturubai. Wachuuzi wa vijiji vya kandoni huja kwa mitumbwi, hujifunga ubavuni mwa tishari ikiwa mwendoni, huuza walichonacho, kisha hujiachia. Safari huchukua wiki kadhaa, na ajali, hasa za boti za mbao zinazopakiwa kupita uwezo wake na kusafiri usiku, ni nyingi mno.

Juu ya Kisangani kuna maporomoko ya Boyoma, saba kwa mfululizo, na hapo Wabelgiji walilazimika kujenga reli ya kuyazunguka hadi Ubundu. Kwenye poromoko la mwisho wavuvi wa Kiwagenia husimika magogo makubwa katikati ya mawe, wakayafunga kwa kamba za porini na kuning'iniza migono mikubwa yenye umbo la faneli, ili nguvu ya maji yenyewe iwasukume samaki ndani.

Umeme wa Inga ni nini, na kwa nini unazungumzwa sana?

Baada ya Kinshasa mto hushuka takriban mita 270 ndani ya kilomita 350 kabla ya kufika Matadi. Sehemu yenye mteremko mkali kuliko zote ni Inga. Bwawa la kwanza lilianza kazi mwaka 1972 na la pili mwaka 1982, na kwa pamoja yameundwa kuzalisha megawati 1,775 hivi, ingawa kwa miaka mingi mitambo mingine imekuwa mibovu. Wataalamu wanakadiria kwamba mahali hapo panaweza kutoa zaidi ya megawati 40,000, kiasi kinachopaweka miongoni mwa sehemu zenye uwezo mkubwa kabisa duniani kwa umeme wa maji. Mradi huo mkubwa umepangwa na kuahirishwa kwa miongo kadhaa.

Njia ya umeme iliyojengwa kutoka Inga hadi Kolwezi ina urefu wa kilomita 1,700. Iliwekwa kwa ajili ya migodi ya shaba, na hadi leo nyaya zake hupita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku huwasha vibatari.

Kwa nini hakuna daraja kati ya Kinshasa na Brazzaville?

Miji hiyo miwili inatazamana kwa macho. Ukiacha Roma na Vatikano, hakuna miji mikuu mingine duniani iliyokaribiana hivyo, kwani kinachoitenga ni mto wenye upana wa kilomita chache tu. Watu huvuka kwa vivuko na boti za kasi, na huhitaji hati za kusafiria. Daraja la barabara na reli limezungumzwa kwa muda mrefu, lakini mipango haijafika kwenye ujenzi. Kikwazo kimoja kinachotajwa ni hofu ya bandari ya Pointe-Noire, upande wa Brazzaville, kuinyang'anya Matadi mizigo.

Hali ya hewa ikoje?

Theluthi moja ya nchi iko kaskazini ya ikweta na iliyobaki iko kusini, kwa hiyo si sahihi kuzungumzia masika au kiangazi kimoja cha Kongo. Katikati ya bonde mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Lubumbashi, iliyoko kwenye nyanda zenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ina kiangazi kirefu kuanzia Mei hadi Septemba, na asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi ya kuhitaji koti.

Milima na volkano ziko wapi?

Ziko mashariki, kwenye Bonde la Ufa. Kilele cha juu kabisa ni Margherita katika milima ya Rwenzori, chenye mita 5,109, nacho kiko mpakani na Uganda na hufunikwa na barafu, ingawa barafu hiyo inazidi kupungua.

Kusini kidogo iko safu ya Virunga, yenye volkano mbili zilizo hai: Nyamuragira na Nyiragongo. Nyiragongo, yenye mita 3,470, ndiyo inayoogopwa zaidi kwa sababu lava yake ni nyepesi, hutiririka kwa kasi, na mji wa Goma umekaa chini yake. Mwaka 1977 iliua mamia ya watu. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Mei 2021 ililipuka tena na kusimama pembezoni mwa mji. Kila mara wakazi wamerudi na kujenga papo hapo: kuta na uzio mwingi wa Goma ni wa mawe meusi ya lava iliyopoa, na juu ya mitaa hiyo yenye mawe vijana husukuma chukudu, baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali, ikiwa imebeba magunia ya viazi au mkaa.

Je, ni kweli kwamba Ziwa Kivu linaweza kulipuka?

Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini lina msingi. Katika kina cha ziwa, lenye karibu mita 480 sehemu ya ndani zaidi, kumeyeyuka kiasi kikubwa sana cha gesi ya ukaa na methani, na uzito wa maji ya juu ndio unaoizuia. Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo ni dogo mno ukililinganisha na Kivu, lilitoa gesi ya ukaa ghafla mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Kivu limetulia, na upande wa Rwanda methani hiyo hutolewa na kuzalisha umeme, jambo ambalo pia hupunguza shinikizo. Kinachoangaliwa kwa makini ni volkano iliyo jirani, kwa kuwa mtikisiko mkubwa chini ya ziwa ungeweza kuuvuruga utulivu huo.

Maziwa mengine ya mashariki ni Albert, Edward na Mweru, na zaidi ya yote Tanganyika, ambalo kwa kina cha mita 1,470 ni la pili duniani baada ya Baikal. Maji yake hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga unaoanzia Kalemie na kujiunga na Lualaba. Kwa hiyo sehemu ya maji ya Kigoma na Bujumbura huishia Atlantiki.

Misitu na wanyama wake wana nini cha pekee?

Msitu wa bonde la Kongo ni wa pili kwa ukubwa miongoni mwa misitu ya mvua duniani, baada ya ule wa Amazon, na zaidi ya nusu yake iko katika nchi hii. Okapi, mnyama wa ukoo wa twiga mwenye mistari miguuni kama ya punda milia, hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote. Bonobo, nyani mkubwa anayefanana na sokwe mtu, huishi kusini ya mto pekee, na sokwe mtu wa kawaida huishi kaskazini yake. Mto umewatenga kwa muda mrefu kiasi cha kuwafanya spishi mbili tofauti. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ndiyo hifadhi ya taifa kongwe zaidi Afrika na ina sokwe wa milimani, yaani gorila. Walinzi wake zaidi ya 200 wameuawa kazini kwa miaka iliyopita.

Jambo ambalo halijulikani vya kutosha liko chini ya miti. Mwaka 2017 watafiti walichapisha ramani ya mboji iliyoshindiliana katika vinamasi vya katikati ya bonde, katika Kongo zote mbili, na kukadiria kwamba imehifadhi tani bilioni 30 za kaboni. Vinamasi hivyo vikikaushwa, kaboni hiyo itaanza kuingia angani.

Madini gani yanapatikana, na wapi?

Shaba na kobalti ziko kusini-mashariki, kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, nayo hutumika katika betri za simu na magari ya umeme. Almasi ziko Kasai, hasa Mbuji-Mayi. Dhahabu iko Ituri, Haut-Uele na Kivu Kusini. Koltani, madini yanayotumika katika vifaa vya kielektroniki, iko Kivu Kaskazini, ambako machimbo ya Rubaya yamegombaniwa sana na makundi yenye silaha. Manono, jimboni Tanganyika, kuna akiba kubwa ya lithiamu. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitumika katika mabomu ya atomiki ya Marekani ya mwaka 1945.

Kuna watu wangapi?

Makadirio ya sasa yanazidi milioni 100, na hivyo kuifanya ya nne Afrika baada ya Nigeria, Ethiopia na Misri. Neno makadirio litiliwe mkazo, kwa kuwa sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984, na takwimu yoyote unayoikuta leo, hata ikiwa imeandikwa hadi mtu wa mwisho, imetokana na hesabu za kubashiri ongezeko. Kwa Kinshasa hutajwa idadi ya kuanzia milioni 15, na ni miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani inayotumia Kifaransa.

Nchi imegawanywa katika majimbo mangapi?

Ni 26, Kinshasa ikiwemo. Mgawanyo huo umo katika katiba ya mwaka 2006, lakini ulianza kutekelezwa mwaka 2015. Kabla ya hapo yalikuwa 11. Katanga ya zamani, kwa mfano, ilizaa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Ramani nyingi za ukutani bado zinaonyesha mgawanyo wa zamani.

Kiswahili kinazungumzwa wapi?

Lugha rasmi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni nne: Kiswahili, Lingala, Kikongo na Kiluba cha Kasai. Kiswahili kimeshika mashariki yote, yaani Kivu zote mbili, Maniema, Ituri na majimbo manne ya Katanga, na Kisangani kinakutana na Lingala. Kilifika na misafara ya biashara ya karne ya 19 kutoka Zanzibar na Unyamwezi, wakati Tippu Tip na wenzake walipoweka vituo Kasongo na Nyangwe, na baadaye kikaenea Katanga kwa sababu wafanyakazi wa migodi walioletwa kutoka mbali walihitaji lugha ya kuelewana.

Mgeni kutoka Mombasa au Morogoro ataeleweka Goma bila shida. Lubumbashi itambidi azoee maneno mengi ya Kifaransa na utaratibu tofauti wa ngeli. Akishuka Kinshasa atakuta mji wa Lingala.

Tofauti ya saa ikoje?

Kongo ina majira mawili. Ikiwa ni saa sita mchana Dar es Salaam na Nairobi, Goma na Lubumbashi ni saa tano asubuhi, na Kinshasa ni saa nne.

Inawezekana kusafiri kwa gari kutoka mashariki hadi Kinshasa?

Kwenye ramani njia ipo. Kwa msafiri wa kawaida haipo. Barabara za katikati ya nchi hukatika kwa mvua, lori likikwama linaweza kuzuia mengine siku nyingi, na usalama wa mashariki, hasa baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, umezidi kuvuruga safari. Reli nazo haziungani: ile ya Matadi hadi Kinshasa, iliyokamilika mwaka 1898, haijawahi kuunganishwa na mtandao wa Katanga. Wenye uwezo hupanda ndege.

Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Ndiyo. Ilitia saini mkataba wa kujiunga Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huohuo, ikiwa nchi ya saba. Imo pia katika SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika.

Ni fedha gani inayotumika?

Faranga ya Kongo, iliyoanzishwa mwaka 1998, pamoja na dola ya Marekani, ambayo hupokelewa karibu kila mahali mijini. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo pembeni itakataliwa na muuza vocha na hoteli kwa pamoja, ilhali faranga zilizochakaa hupita mikononi bila neno.

Na magari huendeshwa upande upi?

Kulia. Madereva wanaotoka Zambia kupitia Kasumbalesa, au Uganda kupitia Kasindi, hubadilisha upande mpakani. Wanaotoka Rwanda na Burundi hawana cha kubadilisha. Namba ya kupiga simu Kongo ni 243.